Maswali Matatu ya Senge Nangila

Wekoye alipiga simu wakati mbaya. Kitale ilikuwa ikijifanya Nairobi siku hiyo, kama kila Jumatano, na Nangila alikuwa ameketi kwenye varanda ya nyumba moja huko Milimani, viatu virefu vikimbana, akingoja lori la mahindi lipite ili waanze tena. Mchezo wao wa runinga uliitwa Hatujakwama. Ulikuwa wa kuchekesha, juu ya marafiki wanne wasio na waume wanaotafuta wanaume wa maana jijini, na hela za kwenda kushuti jijini hazikuwepo. Basi kila lori lilipopita, dairekta Kagwe alijishika kichwa. Nairobi gani hiyo yenye mahindi kila dakika tano?

"Jumamosi uje," kaka yake alisema. "Lakini usikae mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele ya wageni. Kaa jikoni na wamama wengine. Agneta ndiye atakuwa senge."

Hebu sikia maneno hayo. Senge ni dada wa baba, na kwao Kanduyi msichana akija kuposwa, senge ndiye anayeingia chumbani kumuuliza kama anamtaka mtu huyo, na senge ndiye anayetoka na jibu. Baba haulizi. Mama haulizi. Sandra, binti wa Wekoye, alikuwa na senge mmoja tu wa tumbo moja na baba yake, naye ni Nangila. Huyo Agneta alikuwa binti wa baba yao mdogo, mama mzuri wa watoto sita, ambaye hajawahi kubishana hata na kuku aliyeingia sebuleni.

"Kwa nini Agneta?"

"Si ameolewa? Na wewe uko kwa TV kila Alhamisi, unakaa na wanaume kwa hoteli, leo huyu, kesho yule. Hawa wageni wanatoka Kapsokwony, ni watu wa kanisa. Ukitaka kiti, hiyo sinema uiache. Uniambie umeacha, niwaambie umeacha, tumalize."

Nangila alikata simu, akavua kiatu kimoja, akakitazama kana kwamba ndicho kilichomtukana. Alikuwa amekasirika kwelikweli. Wiki mbili kabla ya hapo Sandra alikuwa amempigia kutoka chuoni Bungoma, anakosomea uuguzi, akauliza kwa sauti ndogo, "Senge, ni wewe utaniuliza?" Naye akamwambia, "Ni mimi." Hayo hayakuwa maneno ya mchezo.

Tuseme ukweli, Nangila hakuzaliwa mwigizaji. Alikuwa fundi wa nguo. Alitoka Kanduyi na cherehani moja ya mkono, akaanzia kwenye kibanda kando ya mtaa wa Kipsongo, hapo Kitale, akishona sare za shule na kubandika viraka, mpaka akapata chumba mjini chenye mlango wa kioo na jina lake juu. Watu wa Hatujakwama walimwita awashonee nguo, basi. Dada aliyeletwa kutoka mbali acheze Dolly, mmoja wa wale marafiki wanne, alikaa siku moja, akauliza mbona jioni ya Kitale ni baridi hivi, akapanda gari akarudi kwao. Gauni lilikuwa limeshashonwa, na kwa kuwa Nangila alilipimia mwili wake mwenyewe, lilimkaa yeye peke yake. Kagwe akamtazama. Dolly ana miaka thelathini na minane, Nangila arobaini na mitano, lakini rangi ya midomo ilisaidia.

Kilichompa Dolly jina ni maswali yake. Mwanamume akimtoa kwenda kula hotelini, Dolly hagusi soda kabla ya kuuliza matatu. Nguo zako anafua nani? Mara ya mwisho kuomba msamaha ilikuwa lini? Ukinioa, kazi yangu itakaa wapi? Kila Alhamisi mwanamume mwingine alijikwaa kwenye moja ya hayo, na watu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Nangila akivuka barabara, waendesha pikipiki walimpigia kelele, "Dolly, mimi nafua mwenyewe, bana!" Naye huwajibu, "Leta hizo soksi nione."

Kanisani Kanduyi ilisemwa kwamba maswali hayo ni ya wanawake wa Nairobi walioharibika. Wekoye mwenyewe alilisema hilo, akiwa amesimama, na Biblia kwapani. Mtu akisahau, asahau kweli. Maswali yale Kagwe hakuyaandika. Nangila ndiye aliyempa, na Nangila aliyapata kwa senge wake, marehemu Nasimiyu, katika uwanja ambao sasa ni wa Wekoye.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, mwalimu mmoja aitwaye Wanyonyi alikuja kumposa Nangila. Mtu nadhifu, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Senge Nasimiyu alikataa kuingia chumbani kabla hajamuuliza yale matatu mbele za watu. La tatu likamshinda. "Hiyo cherehani tutaiuza," Wanyonyi alisema, akicheka. "Mke wa mwalimu hawezi kushonea watu nguo." Nasimiyu akaingia, akamrudia Nangila maneno hayo neno kwa neno, akanyamaza. Nangila akasema hataki. Senge akatoka na jibu hilo, na ng'ombe wa mahari wakageuzwa.

Shida ni kwamba ng'ombe wale ndio wangetumika kumwozea Wekoye. Wekoye alikuwa ameshazoea kuwahesabu. Akaoa kwa kuhangaika, akifanya vibarua vya miwa mwaka mzima, na kinyongo chake hakikuisha siku ile wala baada yake. Runinga ilimpa tu mahali pa kukiegemeza. Nangila alilijua hilo, na kwa miaka mingi aliona aibu. Jumatano ile, na kiatu mkononi, aibu ilimwisha.

Ijumaa, Kagwe alileta karatasi za msimu wa pili. Nangila alizitia sahihi pale pale juu ya meza ya kukatia vitambaa, akazirudisha, akakaa kumalizia gomesi yake, gauni refu la sherehe. Ilikuwa ya manjano, yenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana. Alitaka ionekane kutoka barabarani.

Alifika Kanduyi Jumamosi wageni wakiwa wameshaketi chini ya turubai. Wekoye alimwonyesha njia ya jikoni kwa kidevu. Nangila akaenda jikoni kweli, akawasalimu wamama, akachukua kigoda, akatoka nacho, akakiweka kando ya kiti cha Agneta. Agneta akamtazama usoni, akasogea. Akasogea tena, mpaka kiti chenyewe kikabaki kitupu yeye akiwa kwenye kigoda.

"Kaa, dada," Agneta alisema polepole. "Mimi hata sikulala nikifikiria nitasema nini."

Upande wa wageni wasichana wawili walifunika midomo. Msemaji wao, Kipketer, mjomba wa bwana harusi, alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya sufu na sauti ya kuzoea mikutano. Alikohoa.

"Huyu si ndiye yule Dolly?" akauliza. "Sisi tulikuja kwa watu wa heshima. Tuliambiwa senge ni mwingine."

Wekoye alitazama chini. Nangila aliona sikio la kaka yake likibadilika rangi, na kwa kitambo alimhurumia. Lakini hakukaa.

"Mliambiwa vibaya," alisema. "Baba wa Sandra ana dada mmoja, ni mimi. Dolly ni kazi, kama wewe una kazi. Jana nimetia sahihi ya mwaka mwingine, nasema mapema msije mkasikia kwa watu. Sasa, kabla sijaingia kwa mtoto, nina maswali kwa kijana."

"Maswali ya TV?" Kipketer alisema.

"Maswali ya uwanja huu. Yalitoka hapa, kwa senge Nasimiyu, kabla hata hii boma haijapata stima. Kaka yangu alikuwepo. Alikuwa amekaa pale." Akaonyesha mahali. "Sisi ndio tuliyapeleka kwa TV. TV haikutuletea."

Wazee wawili wa upande wa Wekoye walitazamana, na mmoja akaitikia kwa kichwa, maana alikumbuka. Wekoye hakuinua uso.

Kiptum, bwana harusi mwenyewe, alikuwa kijana mrefu, fundi wa pikipiki, kucha zake zikiwa na alama ya mafuta ambayo sabuni haikuiweza. Swali la kwanza alilijibu bila shida. Alifua mwenyewe, na mama yake, aliyekaa nyuma na kitambaa kichwani, akathibitisha. La pili likamchekesha. Aliomba msamaha Jumanne, alisema, kwa Sandra, kwa kuchelewa. Watu wakaanza kulegea. Nangila mwenyewe alimpenda.

"La tatu. Sandra anasomea uuguzi, amebakisha mwaka na nusu. Ukimwoa, kazi yake itakaa wapi?"

Kiptum akafungua mdomo. Halafu akamtazama mjomba wake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Kazi gani tena?" Kipketer alijibu kwa niaba yake. "Tumeshapanga. Harusi Desemba, na Desemba msichana anakuja nyumbani. Mama wa huyu kijana ana shida ya mgongo, shamba ni la mlimani, nani atapanda ule mteremko? Uuguzi atamfanyia mama mkwe."

Alicheka peke yake. Nangila alimsubiri Kiptum aseme neno lolote. Kiptum alisugua kucha zake. Basi Nangila akageuka, akaingia ndani.

Sandra alikuwa ameketi kitandani, nywele zimesukwa vizuri, simu imegeuzwa kifudifudi. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kurudia. Nangila alirudia hata hivyo, neno kwa neno, kama alivyorudiwa yeye, akaketi kando yake, akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu. Alitaka kusema mengi.

"Hakuniambia Desemba ndiyo mwisho wa shule," Sandra alisema. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. "Nampenda, senge. Sitakudanganya."

"Sijasema usimpende."

"Lakini siachi shule. Akitaka mimi, angoje nimalize. Na aje aseme mwenyewe, na mdomo wake, si wa mjomba."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo."

Nangila alitoka, akasimama mbele ya turubai, akalisema vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Alisema binti anampenda kijana. Alisema binti haachi shule. Alisema kijana akiwa na jibu, alilete mwenyewe, na mpaka wakati huo ng'ombe na zawadi havitapokelewa. Kipketer alisimama akavaa kofia yake vizuri, akasema kwamba hajawahi kuona mwanamke asiye na mume akivunja harusi ya aliyepata mume. Kiptum akaongozwa kwenye gari, akitazama nyuma dirishani kwa Sandra. Chakula kilibaki kwenye sufuria, na hilo ni jambo baya Kanduyi kuliko matusi.

Wekoye alimfikia dada yake langoni. Alikuwa akipumua kama aliyepanda mlima.

"Hii ni mara ya pili," alisema. "Mara ya pili, Nangila, ng'ombe wanageuzwa kwa hii boma kwa sababu yako."

"Ndiyo, ni mara ya pili," Nangila alisema. "Ile ya kwanza uliumia, na mimi najua, na pole. Lakini ukinileta mara ya tatu, nitauliza tena."

Aliondoka na gomesi yake ya manjano, na barabarani aliongea peke yake mpaka watu wakampisha. Ilimuuma. Asikudanganye mtu kwamba watu wa namna hiyo hawaumii.

Jumatano iliyofuata Kitale ilikuwa Nairobi tena. Kagwe, aliyekwisha kusikia mambo yote kwa watu, maana Kitale na Bungoma hazifichani kitu, alimwambia hicho ni kipindi kizima. Mjomba mwenye kofia, mama mwenye mgongo, kijana anayesugua kucha. Kwa kawaida wale waigizaji wanne walimpa Kagwe kila balaa la maisha yao, na Nangila alikuwa amempa Wanyonyi na kalamu zake mbili bila kusita.

"Hiyo hapana," alisema. "Dolly ni wako. Senge ni wa Sandra."

Kagwe akaacha. Wakarudi kwenye varanda, lori likapita, Nangila akavua kiatu kimoja, wakangoja. Simu ikalia ndani ya mkoba. Ilikuwa ni Wekoye, akikohoa.

"Huyu kijana yuko hapa," hatimaye alisema. "Kiptum. Amekuja na pikipiki, peke yake. Anasema ana jibu. Nimemwambia aniambie mimi, si mimi ndiye baba?"

"Na akasemaje?"

Wekoye akakohoa tena. "Anasema hawezi kunipa mimi. Anataka senge." Kisha, polepole, kama mtu anayenyanyua kitu kizito, "Utakuja lini?"

Kagwe alikuwa akimpungia mkono, barabara ilikuwa imetulia. Nangila alivaa kiatu chake.

"Jumapili, baada ya kanisa," alisema. "Mwambie arudi siku hiyo. Na kiti changu kiweke mbele, wewe mwenyewe, kwa mkono wako."