Wale Watakaoshindwa Kukukatalia

Ipo siku moja ya kilimo huko Musienene ambayo inanikera mpaka leo, mwanangu, na nisingeitaja kama usingekuja juzi na ile habari yako. Ulikuja vizuri, ukaketi vizuri, ukala viazi vyangu ukashiba, ndipo ukasema kwamba wale mbuzi wa mahari ambao baba zako wadogo wamekukusanyia hapa kwangu, huyu katoa wake na yule katoa wake, ili ukamchukue binti wa watu, unataka kuwauza upate kiingilio cha kazi ya chai ya dawa na vidonge. Ulisema watarudi wengi zaidi kabla ya harusi. Ulisema kila utakayemwingiza atakuinua wewe, naye atainuliwa na wale atakaowaingiza. Jumamosi mnakutana kwenye sale moja, ukumbi wa kukodi, hapo Butembo, upande wa Rughenda, na wewe Muhindo unatakiwa ufike umeshaamua. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na mama akiwa na hasira husema maneno ambayo mtoto anakaa nayo miaka. Leo nimetulia kidogo.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Sisi wanawake wa mtaa ule tulikuwa tunalimiana. Leo tuko kwako, kesho tuko kwangu, siku nyingine kwa yule aliyejifungua, na mwenye shamba kazi yake siku hiyo ni kupika. Hakuna aliyemlipa mwenzake. Ulikuwa ukilala kwenye kanga pembeni ya matuta, na ukilia, yeyote aliyekuwa karibu alikuchukua, wala sikuinua hata kichwa. Hivyo ndivyo tulivyolima maharage, hivyo ndivyo ulivyosomeshwa.

Aliyetuongoza alikuwa Masika, dada yangu, mama yako mkubwa. Wewe unamjua kama yule mama wa Beni anayekuja kwenye matanga na kuketi mbali na mimi. Basi huyo ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo shambani, sisi tukaitikia. Alijua mtoto wa nani ana homa, mume wa nani amerudia pombe, nani amelala bila chumvi. Nasema haya ili usije ukafikiri alikuwa tapeli. Hakuwa tapeli hata siku moja, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Alikwenda Butembo kuuza maharage, mwenzake wa kusali naye akamwalika kwenye mkutano. Akarudi na mfuko wa maboksi na maneno ambayo hatukuyazoea kinywani mwake. Chai ile ilikuwa inatibu mgongo, presha, sukari, macho, hata mwanamke asiyezaa. Nilionjeshwa. Ilikuwa majani yaliyochemshwa, basi. Sikuona ubaya ndani yake, wala sikuona uzuri wa kumfanya mtu auze kitu chake.

Mwanzoni alizungumza tukiwa tumeinama kwenye jembe, kama mzaha. Halafu mzaha ukaisha. Mmoja wetu alifiwa na mume, tukaenda kwenye matanga, tukaketi na mjane kwenye mkeka kama tunavyoketi. Masika alimshika mkono, akalia naye, na yalikuwa machozi ya kweli. Sala ilipokwisha akafungua mfuko. Yule mjane aliuza baiskeli ambayo marehemu alikuwa akibebea makaa, akaingia. Nilikuwa nimeketi karibu kabisa. Nilitazama miguu yangu.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo vijana mnapodanganyika. Wanawake wale waliingia karibu wote, lakini hakuna aliyeiamini ile chai. Tukienda mtoni kuchota maji walikuwa wakisema wenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba haiwezekani kumkatalia Masika. Mtu aliyekulimia shamba lako lote ukiwa kitandani na mtoto mchanga, utamwambiaje hapana? Kwetu sisi, ukimkatalia mmoja wa kundi ni kama umeiambia mikono yote isije kwako tena. Basi wakasema ndiyo, huyu kwa aibu, yule kwa shukrani, na Masika akadhani wamesema ndiyo kwa sababu jambo ni zuri. Kila ndiyo ilimpa nguvu ya kwenda kwa mwingine.

Wale waliokuwa juu yake, wenye tai na viatu visivyojua matope yetu, walilijua hilo vizuri. Wangekuja wenyewe Musienene na maboksi yao siku ya soko tungewauliza bei, tungecheka, tungeenda zetu kununua chumvi. Hawakuja. Walimtuma yule tuliyempenda. Mpaka leo nikisema nimewasamehe nitakuwa nadanganya mbele ya Mungu.

Zamu yangu ikafika. Masika hakuniomba hata, aliniambia tu kwamba jina langu limeshawekwa chini ya lake na ninangojewa mimi. Nilikuwa na mbuzi jike, nikaamua nimpeleke sokoni. Njiani nikapita kwa bibi mmoja tuliyemwita Mukaka, mkubwa kuliko sote katika lile kundi, ambaye magoti yalikuwa yameshamwachisha kulima lakini bado alikuja kutupikia. Nilimkuta anapukuchua maharage. Alimtazama yule mbuzi, akatazama kamba, akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza. Hakuacha kupukuchua.

"Ile majani," akasema, "kama ingeletwa na mutu ya mbali, ya Kyavinyonge, mwenye haumujue, ungenunua?"

Nikasema hapana.

"Sasa juu ya nini unanunua?"

"Juu ni Masika."

"Basi haiko majani anauzisha. Anauzisha vile tunamupenda. Ile siku mapendo itaisha, ni nani atakuya kumulimia?"

Nikajaribu kumwambia kwamba Masika ni mkubwa wangu, sina mdomo wa kumwambia neno kama hilo. Hapo ndipo alipokasirika, na alikuwa mtu asiyekasirika ovyo. Akauweka ungo chini.

"Weye ni mudogo yake, mulinyonya ziwa moja. Kama weye unaogopa kumuambia, unataka nani aende? Miye na hii magoti?"

Nilimrudisha mbuzi nyumbani. Usiku ule sikupata usingizi, nilikuwa naogopa dada yangu kuliko nilivyoogopa askari.

Kesho yake tulikuwa shambani kwake, kwa Masika mwenyewe. Tukalima mpaka jua likawa kali, tukaketi kula. Ningeweza kumvuta pembeni, ndiyo, lakini nilijua tukiwa wawili atanishinda. Kwa hiyo nikasema pale pale, mbele ya sahani.

"Yaya, mukubwa yangu, miye hapana ingia. Nitakulimia, nitakubebea batoto, lakini mu ile kazi, hapana."

Wanawake wale ambao mtoni walikuwa na maneno mengi, wote waliinamia sahani zao. Uso wa Masika ukabadilika kama wa mtu aliyepigwa na mgeni nyumbani kwake.

"Weye, mutoto ya mama yangu, ndiye unanikatala mbele ya batu?"

Hiyo ndiyo siku niliyokuwa nakuambia. Nilichukua jembe nikamaliza tuta langu kwa sababu ilikuwa zamu yake na deni la mikono halina ugomvi. Jioni wawili kati ya wale wanawake wakanifuata njiani wakanishukuru kwa siri. Walikuwa wamekwisha kuingia. Shukrani zao sikujua niziweke wapi.

Ile kazi haikuchukua muda. Yule mwanaume wa tai aliyekuwa juu ya Masika alihamia Beni, kisha simu yake ikawa haipatikani, kisha sale walimokutana ikapangishwa watu wa harusi. Maboksi yakabaki kwenye nyumba zetu, watoto wakatengeneza magari kwa yale makaratasi. Na wanawake wale hawakwenda kumtafuta mwanaume wa tai, wangempatia wapi, walikuwa hawajui hata jina la baba yake. Walimjua Masika. Hawakumtukana, mwanangu. Ingekuwa heri wangemtukana. Jumatatu moja tu, wiki ya kulimiana ilipoanza, kila mmoja akaenda shambani kwake peke yake, na Jumatatu iliyofuata vilevile, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kundi limekufa.

Masika alikuwa mjamzito wakati huo, mimba mbaya, ya kulala. Maharage yake yalikauka shambani, na mvua ilikuwa inakuja. Zamani wanawake wangekuwa wameshayang'oa kabla hajawaita. Siku zile watu walipita njiani kando ya shamba lake, wakayaona yanapasuka, wakaenda zao. Mukaka aliondoka kwake na fimbo yake akaenda kung'oa, akashindwa, akarudi analia barabarani, mtu mzima yule.

Mimi nilichukua jembe na kikapu nikaenda kwa dada yangu. Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba atafurahi. Alijikokota mpaka mlangoni akasimama, mkono mmoja juu ya tumbo. Hakunikaribisha.

"Ulijua," akaniambia. "Ulijua, na ukajificha weye peke. Ulinikatala, ukarudia ku jembe yako. Juu ya nini haukunifunga kamba?"

Akafunga mlango. Niling'oa maharage yale peke yangu mpaka mvua iliponifukuza, nikayaweka barazani kwake, na mengi yakaoza shambani. Alipojifungua mumewe akamhamishia Beni. Wanauza mafuta ya mawese huko. Barabara ile ina siku zake ambazo mtu hapiti kwa sababu ya vita, na hata siku zinazopitika hatutembeleani. Akifa mtu wa ukoo tunakutana, ananipa mkono, anauliza habari za watoto, anakwenda kuketi na wengine.

Nilibishana na maneno yake miaka mingi. Ningemfungaje kamba mkubwa wangu? Nilimwambia ukweli mbele ya watu, nikachukiwa kwa ajili yake, nini zaidi? Nikipika nabishana naye, nikiwa kanisani nabishana naye. Sikubali kwamba alikuwa na haki. Lakini sijapata jibu la kumpelekea Beni, na nimekwisha kuchoka kulitafuta.

Kwa hiyo wewe, Muhindo, usinieleze tena kuhusu gari la yule anayekualika, wala picha alizokuonyesha kwenye simu. Unadhani nina shida na chai? Kuuza si aibu, sisi Wanande tumeuza kila kitu mpaka mbali. Muuzaji anakaa na kitu chake, mnunuzi akikitaka anakichukua, asipokitaka anapita, na kesho bado wanasalimiana. Kabla hujaweka mkono kwenye kazi yoyote ya kuingiza watu, keti peke yako uwataje kwa sauti wale watakaoshindwa kukukatalia. Rafiki uliyelala naye chumba kimoja shuleni. Katekista aliyekufundisha. Baba zako wadogo. Mama wa yule binti, ambaye atafikiri kwamba akikukatalia anaharibu ndoa ya mtoto wake. Halafu jiulize alivyouliza Mukaka, kama jambo hilo hilo lingeletwa na mtu wasiyemjua, wangeingia? Kama jibu ni hapana, acha. Hata kama itakufaidi wewe, acha, kwa sababu utakuwa umefaidi kwa watu ambao hawakuwa na mdomo wa kukujibu.

Na kwenye hao, wa kwanza ni mimi. Niliona juzi jinsi ulivyoisifu nyumba yangu, jinsi ulivyouliza kuhusu mgongo wangu. Nilijua unakokwenda. Mwanangu wa kwanza akiniomba kitu uso kwa uso, nitakosa nguvu, kwa hiyo nakujibu kabla hujaniomba: hapana.

Lakini safari hii sikuishia kwenye neno. Jana asubuhi niliwaita baba zako wadogo nikawaambia kila kitu, bila kukuonea haya. Kila mmoja amekuja akamfungua mbuzi wake akarudi naye kwake. Siku ya kwenda kwa wakwe, watakuja nao wenyewe, na wewe utatembea mbele. Jumamosi utafika kwenye ile sale mikono mitupu, uone kama bado watakuita ndugu.

Najua umekasirika. Mama mzima kutoboa siri ya kijana wake kwa wadogo wa baba yake, ni aibu, najua. Nina mtu mmoja Beni asiyenisemesha kwa sababu nilimkatalia tu nikarudi nyumbani. Kama itabidi niwe na mwingine Butembo asiyenisemesha kwa sababu nilimfunga kamba, nitabeba na huyo. Nitakuletea viazi vilevile, hata ukinigeuzia mgongo.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu akulinde barabarani na kwenye mikutano. Akupe mke atakayekuambia hapana bila kukuogopa, na siku utakayolala mgonjwa, uamke usikie watu wameshaingia shambani mwako na majembe yao, hakuna aliyewaita.