Pete ya Kisu cha Wifi

Wifi yake Mama Tupa aliingia karakanani, mkono wa kulia umefungwa bandeji, akakitupa kisu mezani kwa mkono wa kushoto.

"Mama Tupa, kazi yako hiyo. Bapa limechomoka napasua samaki."

Mama Tupa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa tupa haikumtoka mkononi, alikiinua kisu. Pete ya shingoni, pale chuma kinapoingia kwenye mpini, ilikuwa imelika ikawa unga mweupe. Mumewe, kabla hajapooza, pete zote alizitengeneza kwa shaba ya njano. Ni Mama Tupa mwenyewe aliyeipenda alumini: nyepesi, laini kwa tupa, inang'aa kama fedha. Hakujua kwamba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, inaliwa. Na wapasua samaki wote wa sokoni walishika visu vyake.

"Wenzangu kesho wanavirudisha vyote. Wanahamia kwa fundi mwingine," wifi alisema. "Hata mimi nikinyamaza, mkono huu unasema."

"Nisamehe, wifi yangu."

"Kusamehe nimesamehe. Kukishika tena ndiyo sijui."

Wifi alipoondoka, Mama Tupa alipiga magoti kwenye vumbi la chuma. "Mungu wangu, unaona," alisema, basi.

Kopo la vipande vya shaba lilikuwa tupu. Akaingia chumbani, akaanza kufungua vichwa vya njano vya kitanda.

"Unabomoa kitanda na mimi nimo?" mumewe aliuliza kwa ulimi mzito.

"Tulia. Natafuta shaba." Akagusisha sumaku. Ikanasa. "Chuma! Kimepakwa maji ya shaba tu! Na nilivyokisugua kwa ndimu maisha yangu yote!"

"Nilijua," mume alisema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ulikuwa unafurahi."

Mama Tupa alikaa sakafuni akalia. Mume akanyoosha mkono ulio mzima kuelekea mlango wa karakana. "Kufuli."

"Tutafungia nini?"

"Wateja wakihama wote, utafungia nini humo?"

Kwenye kufuli sumaku haikunasa. Alilikaza kwenye jiliwa, akalikata kwa msumeno, akapiga tupa mpaka bega likafa ganzi. Pete ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikakaa.

Asubuhi alikipeleka kisu sokoni. Wifi alikigeuza, akakizamisha kwenye ndoo ya maji ya chumvi.

"Kikae humo mpaka bandeji itoke. Tutaona."

"Na hivi?" mpasua samaki mmoja akauliza, akionyesha beseni la visu.

"Mpeni avitie shaba kwanza," wifi alijibu bila kumtazama mtu. "Hao mafundi wengine hawakimbii."

Mama Tupa alibeba beseni lile mpaka nyumbani. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwa kamba. Akatoa sumaku, akaigusisha kwenye bawaba. Ikanasa.

"Mungu wangu, unaona," alisema, akatua beseni, akaenda kubisha hodi kwa majirani, sumaku mkononi.