Siku Mke Wangu Alipokimbia Njia ya Kwihara

Mke wangu alipofuka kwa presha ya macho, pole pole, mpaka asubuhi moja akaniuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limeshajaa chumbani. Tangu siku hiyo nikawa namshika kiwiko kila aendako: sokoni, msibani, hata uani kwetu hapa Tabora, mahali anapopajua kuliko mimi.

Kituo kimoja cha wasioona ndicho kilichomfundisha kutembea na fimbo nyeupe na kusoma nukta nundu. Kilipotangaza mbio za kuchangisha fedha za fimbo na mashine za kuandikia nukta hizo, alirudi nyumbani amechangamka.

"Baba watoto, nimejiandikisha."

"Kuchangia?"

"Kukimbia. Nusu marathoni. Na wewe nimekuandikisha, maana nahitaji mtu wa kunishikia kamba."

Mimi ni seremala. Kukimbia niliacha shuleni. Nilicheka, yeye hakucheka.

Tukaanza mazoezi baada ya swala ya alfajiri, tukielekea Itetemia. Alichana pindo la kanga kuukuu, akalisokota, akafunga ncha moja mkononi mwake na nyingine mkononi mwangu. Siku za mwanzo nilipiga kelele njia nzima: jiwe, shimo, ng'ombe, jiwe tena. Akasimama ghafla.

"Unanitisha. Niambie la kukwepa tu. Mengine niachie, miguu ni yangu."

Ilinichukua muda kujua lipi ni la kukwepa na lipi ni woga wangu tu.

Siku ya mbio tulipita mjini watu wakipiga makofi, wengine wakisema "masikini" kwa sauti ya kusikika. Mke wangu hakugeuka. Lami ilipoisha tukaingia kwenye mchanga wa njia ya Kwihara, ile ya misafara ya zamani. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe begani kutoka huku hadi pwani. Habari hiyo nimezoea kujisifia nayo barazani. Siku ile, goti likiniwaka moto, kwa mara ya kwanza nilimfikiria kama mtu aliyeumia.

Nikapunguza mwendo. Kamba ikalegea, naye akahisi.

"Umechoka wewe, au umeamua kwamba mimi nimechoka?"

Nilitaka kusema nampumzisha. Nikasema, "Ni goti. Siwezi tena."

Nilidhani tutakaa kando ya njia pamoja, tungoje gari la huduma ya kwanza. Yeye akauliza, "Nyuma yetu kuna nani?"

Alikuwa anakuja mwalimu wa kile kituo, dada mmoja mwembamba, anakimbia bila haraka. Nilipomweleza, akanyoosha mkono wake mara moja. Nikafungua fundo mkononi mwangu, nikalifunga mkononi mwake.

"Kunywa maji, baba watoto," mke wangu akasema, wakaondoka.

Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Siku zote nilikuwa ubavuni pake, macho yangu chini. Sasa nilimwona mgongo umenyooka, mkono ulio huru ukipiga hewa, vumbi likipanda nyuma ya visigino vyake. Alikwenda kasi kuliko nilivyowahi kumwachia aende. Nikaona wivu, kisha nikauonea aibu ule wivu. Halafu kifua kikalegea, nikakaa chini nikanywa maji.

Gari lilinifikisha uwanjani kabla yake. Alipomaliza nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja karibu na mstari, nimepaza sauti mpaka imekauka.

"Uko wapi?" akauliza.

"Niko hapa."

"Goti?"

"Limevimba."

"Pole. Tutalikanda." Kisha akacheka, amelowa jasho, ameshindwa hata kusimama vizuri, na yule mwalimu naye akacheka.

Fimbo zilinunuliwa, mashine bado zinachangiwa. Sasa mke wangu huenda kituoni kuwafundisha wapya kutembea, hasa wale waliopofuka ukubwani kama yeye. Hutoka mwenyewe, na mimi hubaki karakanani. Siku akichelewa hutega sikio, randa imesimama juu ya ubao. Akifika huniuliza kama nimekula.