Nilivyomtia Bei Kiungo wa Ibra

Kazi yangu ni kukadiria magari yaliyogongwa. Kampuni ya bima hunipigia simu, naingia kwenye karakana huko Firq, naizunguka gari, nafungua boneti, naandika: hii itatengenezeka, hii ni ya kuuza kwa kilo. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na naijua. Ndiyo sababu pekee iliyomfanya mwenyekiti wa klabu moja ya mpira kwetu Ibra, mji wa ndani, mbali na Maskati, aniite nimkadirie mchezaji wake. Kwa akili yake, mtu anayejua bei ya gari lililopondeka anajua bei ya kila kitu.

Mwenyekiti mwenyewe alirithi mitende na maduka kutoka kwa baba yake, na uenyekiti akaupata kwa kulisha watu. Uwanjani alikaa mbele kabisa, simu sikioni, na mpira ukiingia wavuni aliuliza nani kafunga. Kuotea hakukujua ni nini. Mwamuzi akipuliza filimbi, yeye husimama kugomba, hata kama faulo tumepewa sisi. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Alisema nami Kiswahili akitaka jambo, na Kiarabu akishalipata.

Siku hiyo alisema Kiswahili. Ilikuwa baada ya alasiri, kwenye sabla yake, baraza la kupokelea wageni, kahawa na haluwa mbele yetu. Alikuwapo na mpwa wake, kijana aliyerudi kutoka Maskati na cheti cha uchambuzi wa michezo na kompyuta ya mapajani aliyoifungua hata pale asipoulizwa kitu.

"Mkataba wa yule kiungo unakwisha," mwenyekiti akaniambia. "Watu wa klabu ya Sur wanamnyemelea. Nataka karatasi yenye kima chake, ipigwe sahihi na mtu wa nje, asije akasema tumemuonea."

Ningeweza kumwambia kwamba mimi ni mtu wa bampa na milango. Sikumwambia. Nilijiona mtu, nikaongeza kipande cha haluwa, nikasema nitamtazama.

Huyo kiungo nilikuwa namjua kama kila mtu wa Ibra anavyomjua. Alikuwa kiungo mkabaji, yule anayecheza mbele ya mabeki, kapita miaka thelathini, kifua kama mlango wa ngome. Mchana alifanya kazi ya umeme, jioni mazoezi. Misimu tisa hakuhama. Hakuwa na mbwembwe, na kwa hiyo watoto hawakuandika namba yake kwenye fulana zao.

Kwa wiki kadhaa nilikwenda kumtazama kwa makini kama ninavyotazama gari. Mechi ya kwanza sikuona kitu. Nilidhani siku hiyo hakucheza vizuri, maana mpira ulikuwa haupiti kwake. Mechi ya pili nikaelewa kwamba mpira ulikuwa haupiti kwake kwa sababu wapinzani walikuwa hawathubutu. Wakifika katikati, wanainua macho, wanamwona, wanaupeleka pembeni. Yeye anasogea hatua mbili tu, wanaurudisha nyuma. Alikuwa anasema muda wote, anawapanga mabeki kwa mkono kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma. Mechi ya tatu alikaa nje kwa kadi za njano, nikaona timu yetu ilivyo hasa: kundi la watu wanaofukuzana, na kipa analia.

Kazi yake ilikuwa kuzuia mambo yasitokee. Mtu wa bima alipaswa kulielewa hilo kuliko wote, na mimi nililielewa. Nilikwenda nyumbani nikaandika kurasa mbili kwa mkono wangu, kwa Kiarabu safi. Niliandika aongezwe mshahara, apewe miaka miwili, na kwamba kumwacha aende Sur ni kuing'oa nguzo ya katikati halafu kushangaa paa linapolala. Ile ilikuwa karatasi nzuri. Sijapata kuandika nyingine nzuri kama ile.

Mwenyekiti aliisoma akiwa anatafuna.

"Umeandika kama mjomba wake," akasema.

Mpwa akageuza kompyuta yake kunielekea. Palikuwa na duara zenye rangi, kijani na nyekundu, nyekundu ikiwa nyingi.

"Ami, hii mtu hafungi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha vijana. "Hatoi pasi ya goli. Data yake iko chini sana."

"Na mlinzi akikaa mlangoni mwaka mzima, mwizi asije, data yake inakuwaje?"

Kijana akaitazama ile skrini kama kwamba jibu lingetokea. "Hiyo haipimiki," akasema, na hakuona haya.

"Mwongeze goti," mwenyekiti akakata maneno.

"Goti gani?"

"Kila mchezaji wa umri ule ana goti. Andika uchakavu. Si ndivyo mnavyoandika kwenye magari yenu?"

Ningekuwa na sababu ningeitaja hapa. Hakunitisha. Hakuniahidi chochote. Ningeweza kuinuka nikaaga. Lakini nilikuwa nimezoea kuitwa kwenye sabla ile, nimezoea watu kunisogezea nafasi, nikaona kwamba nikikataa sitaitwa tena. Kwa jambo dogo hilo nikaichana karatasi yangu nzuri, nikaandika nyingine. Niliandika kwamba goti la kulia la mchezaji lina dalili za uchakavu, na kwamba kwa hali hiyo mkataba uwe wa mwaka mmoja na mshahara upunguzwe. Sikuwahi kuligusa goti lile. Sikuwahi hata kuliona bila soksi. Niliandika la kulia kwa kuwa mkono wangu wa kulia ndio ulioshika kalamu.

Kisha mwenyekiti akanituma niipeleke mwenyewe, kwa kuwa, alisema, mimi na watu wa nyumbani kwa kiungo tunasemezana Kiswahili.

Kiungo alikuwa akiishi na mama yake, mjane, mtu wa mjini Unguja wa zamani, wa kanga mbili na maneno yaliyonyooka. Nilimkuta sebuleni anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Karibu ukae. Nasikia wewe ndiye umtiaye bei mwanangu."

"Si mimi, Bi mkubwa. Ni klabu."

"Klabu haina mkono wa kuandikia," akasema, akaendelea na mchele wake. Baadaye kidogo akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia nilizaliwa Tabora. "Aa, bara," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata maelezo yaliyomtosha.

Mwanawe alirudi kutoka kazini, bado kavaa buti. Akanipa mkono, akaniita ami, akaipokea ile karatasi, akakaa kitako akaisoma polepole. Nilimtazama macho yanavyoshuka. Yalipofika kwenye goti yakasimama, na uso wake ukabadilika. Nilitarajia atakasirika, nami nilikuwa nimeshajitayarishia maneno. Hakukasirika. Aliogopa.

"Ami, nani kakwambia habari ya goti?"

"Ni makadirio ya kitaalamu."

"Nauliza, nani kakwambia?"

"Umri, mwanangu. Katika umri huu..."

"Sikukuuliza umri." Akaikunja karatasi mara nne. "Nani mwingine kaisoma?"

"Mwenyekiti na mpwa wake."

Akainuka, akaingia chumbani, nikamsikia anapiga simu kwa sauti ya chini. Mama yake hakuninyanyulia macho tena. Nilikaa kidogo kwa adabu, kisha nikaaga, na hakuna aliyenisindikiza mlangoni.

Siku ya pili yake alitia sahihi na watu wa Sur. Kwa haraka ile walimpa kima kilichokuwa chini ya kile nilichokiandika kwenye karatasi niliyoichana. Mwenyekiti alifurahi. Alisema tumejiepushia mzigo, akamnunua mshambuliaji ambaye duara zake kwenye kompyuta zilikuwa kijani tupu. Huyo mshambuliaji alifunga kweli. Tukifungwa mabao manne, yeye anafunga moja, na mpwa anatuonyesha kwamba kwa takwimu amefanikiwa. Watu waliokuwa wakitukwepa katikati ya uwanja sasa walipita wakitembea. Mwishoni mwa msimu tulishuka daraja, na mwenyekiti akamlaumu kocha, Mtunisia mpole ambaye hakuulizwa lolote tangu mwanzo.

Lakini kabla ya kushuka daraja lilitokea lile lililonifanya niandike haya. Katikati ya msimu, kwenye mechi huko Sur, kiungo wetu wa zamani aliruka kupiga kichwa, akatua, asiinuke. Goti la kulia.

Mwenyekiti alinipigia simu nikiwa Firq, kichwa changu ndani ya boneti.

"Wallahi una jicho," akasema, kwa Kiswahili. "Nimewaambia wote. Nimewaonyesha karatasi."

Na kweli aliwaonyesha. Kwa muda nilikuwa mtu mashuhuri Ibra. Msikitini watu walinipisha. Mzee mmoja wa mashambani aliniomba nikamtazamie ngamia wake wa mashindano, kama ana kasoro miguuni. Watu wazima, wenye ndevu, waliokwenda hija, waliamini kwamba naona ndani ya mfupa kwa kumtazama mtu kutoka jukwaani. Sikumkanusha hata mmoja. Nilitabasamu tu, kama watu wa aina yangu wanavyotabasamu.

Nilikwenda Sur siku ya Ijumaa, baada ya sala. Sijui nilikwenda kufuata nini. Nilimkuta sebuleni kwenye nyumba ya kupanga, mguu juu ya mto, magongo ukutani. Mama yake alinipokea kwa neno moja, akaingia jikoni.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba sikuona kitu, kwamba goti lile nililitunga kwa kuambiwa, na kwamba karatasi ya kwanza ilisema kinyume. Nilisema kwa kirefu, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kujisikia mwema, nikawa najionea uchungu mwenyewe.

Aliniacha nikamaliza.

"Ami, lilikuwa likiniuma misimu miwili," akasema. "Nilikuwa nalifunga bandeji chumbani, nachoma sindano kwa daktari wa pembeni, hata mama hakujua. Nilipoisoma karatasi yako nilidhani daktari kaniuza. Ndiyo maana nikakimbilia Sur kabla maneno hayajafika. Walinipima juu juu tu, nikapita."

Kitu cha kwanza nilichokihisi ilikuwa nafuu. Sikuwa mwongo tena, niliandika kweli. Nafuu ile ilidumu muda wa kumeza mate. Kisha nikajiona nilivyo: mtu aliyekaa mechi mbili akimtazama mwenzake anavyochechemea, wala asione, halafu akaandika ugonjwa wake kwa kubahatisha ili asikose haluwa. Kama ningemtazama kweli kama ninavyotazama gari, ningeliona. Ningemwambia akatibiwe, na pengine leo angekuwa anacheza.

"Kwa nini hukumwambia mtu?" nikamuuliza.

"Nimwambie nani?" akasema. "Wewe?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kweli, akingoja jibu.

Alipasuliwa, akapona kiasi cha kutembea vizuri, kucheza ligi hakurudi tena. Watu wa Sur, na hili nawasifu, hawakumtupa. Walimpa timu ya vijana, na wanasema vijana wake hawapitiki katikati.

Mwaka uliofuata mwenyekiti wetu alichaguliwa tena bila mpinzani. Akaniita kwenye sabla, watu wamejaa, mpwa na kompyuta yake pembeni, akanitaka nimkadirie kipa. Nikasema hapana. Nikasema mbele yao wote, kwa Kiarabu ili asibaki mtu asiyesikia, kwamba lile goti sikupata kuliona, kwamba mwenyekiti aliniambia niliandike nami nikaliandika.

Mwenyekiti akanitazama, kisha akacheka kwa furaha ya kweli, akawageukia watu.

"Mnaona?" akawaambia. "Mtaalamu hasa hajisifu."

Wakaitikia kwa vichwa. Mzee wa ngamia akanisogezea sahani. Nikainuka, nikavitafuta viatu vyangu kwenye ile chungu ya viatu mlangoni, nikatoka.