Jiwe la Kusagia la Mama

Alfajiri bado naamshwa na sauti ya jiwe likisaga ulezi, na hapa kwangu hakuna anayesaga. Mke wangu anasema hasikii kitu. Mimi naogopa, siyo siri.

Mama aliolewa hapa Susuni akitokea Nyanungu, na jiwe hilo alipewa na mama yake, naye alipewa na wake. Lilikuwa jeusi, zito, limebonyea katikati kwa mikono yao.

Nami nikaenda kuchimba dhahabu. Miezi mitatu tu, nikajiona mtaalamu. Sisi wa machimboni tuna ugonjwa wetu: jiwe lolote zito lazima tulipasue tuone ndani. Jumapili moja, mama akiwa kanisani, niliona vinukta vikimetameta kwenye jiwe lake, nikaleta nyundo. Likapasuka vipande viwili. Aliporudi nilimwambia ng'ombe amelikanyaga. Uongo wa kijinga kabisa! Alinitazama, na tangu siku hiyo akawa anapeleka ulezi mashineni.

Kipande kimoja nilikwenda nacho machimboni kwa siri. Mzee mmoja, mgeni kutoka Shinyanga, alikipima mkononi, akakigeuza juani.

"Hii basalti, kijana," alisema. "Ona, nje ina kutu ya kahawia, ndani nyeusi tii. Chembe zake ndogo hata huzioni. Ule uji wa moto wa volkano ulipoa upesi. Hivi vitundu ni hewa ilipokuwa inatoka. Na hivyo vinavyometa ni madini ya kawaida tu. Hapa hamna dhahabu hata ya kuziba jino."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaapa kumwambia mama ukweli. Nikaahirisha mwaka, nikaahirisha mwingine, mpaka akaugua.

Wiki yake ya mwisho, mchana, aliniomba nivute kitu chini ya kitanda. Kilikuwa kile kipande cha pili, amekifunga kwenye kanga. Alinisubiri nikifungue.

"Wewe unajua mawe," alisema. "Ndani yake kuna nini?"

Nilikigeuza upande uliopasuka.

"Hakuna kitu, mama."

"Hata mimi ningekuambia hivyo," alisema. "Ungeniuliza tu, mwanangu."