Kuzaliwa kwangu: tazama Mahindi

Nina miaka hamsini na kitu, na leo ndiyo nimejua siku niliyozaliwa.

Kitambulisho changu kinasema tarehe moja Januari, kama nusu ya darasa letu pale Ilula, sisi tusiojua tarehe zetu.

Leo nikaamua kumuuliza Baba.

"Niliandika," akasema. "Lete daftari."

Ni daftari lake la miaka ya sabini, alipokuwa akifundisha kisomo cha watu wazima. Kila jambo lina ukurasa wake, na kila ukurasa unakutuma kwenye mwingine. Zilikuwa linki, ila za penseli.

Nikafungua ukurasa wenye jina langu.

"Kuzaliwa kwa Tumaini: tazama Mahindi, uk. 9."

Nikaenda kwenye Mahindi.

"Leo hatukupalilia, mke wangu ana uchungu. Tazama Mbuzi, uk. 31."

Nikaenda kwenye Mbuzi. (Hapo nilishaanza kuwa na wasiwasi.)

Kila kitu kipo. Tarehe, mwezi, mwaka, saa kumi na mbili asubuhi, jike, mweupe, ana doa mguu wa mbele, mama yake mzima.

Chini kabisa: "Tumaini naye asubuhi hiyo hiyo."

Sasa niambieni, ningenyamaza?

"Baba, mbuzi ana mistari mitano, mimi mmoja?"

"Habari za mbuzi, bwana mifugo alikuwa anakuja kuziuliza. Wewe nilijua sitakusahau."

"Kwa hiyo tarehe yangu unaikumbuka?"

Akanisogezea daftari.

"Tazama Mbuzi."