Mahari ya Kupeleka Zamani

Mimi nauza nyavu. Duka langu liko Musoma mjini, karibu na mwalo wanaposhushia samaki, na ukiingia utakuta nyavu, kamba, maboya, ndoano, na mimi mwenyewe nimekalia robota la nyavu kwa sababu kiti kilivunjika na fundi ananizungusha. Nina maneno mengi, hilo sibishi. Mwanaume aliyetaka kunioa alikuwa na maneno mengi kunizidi. Ndiyo maana tulipendana, na ndiyo maana pia nusura tuikose ndoa.

Yeye ni fundi wa injini za mitumbwi, mtoto wa wavuvi wa Kibara. Siku ya kwanza alikuja kununua kamba, akakuta nimepandisha sauti nabishana na wateja. Mmoja wao alikuwa ameona kwenye simu yake hadithi ya mtu anayeingia kwenye mashine na kutokea miaka ya nyuma, na sisi tukaanza kuulizana: haya, ukirudi enzi za bibi zetu, na unataka kuishi vizuri huko, unabeba nini? Maana noti zako za leo huko ni karatasi tu.

"Nabeba simu yenye salio," akasema mteja mmoja.

"Wakala yuko wapi huko?" nikamuuliza. "Utamtumia nani hela, kunguru?"

Yule fundi akacheka mpaka akashika meza. Akaondoka bila kamba. Kesho yake akarudi, hakuulizia kamba, akasema, "Dhahabu."

Nilimtazama nikamwonea huruma. Nikamwambia, ndugu yangu, umetua kijijini na kipande chako cha dhahabu, njaa inakuuma, unamkuta mama anachemsha sato wake. Utamkatia dhahabu kwa samaki mmoja? Na chenji akupe nini, mkia? Na ukienda mjini kuiuza, mwenye duka atauliza umeitoa wapi, na wewe nguo zako tu zinatosha kukupeleka rumande.

Weee, ndivyo tulivyoanza! Kila alipokuja mjini kununua vipuri alipitia dukani na jibu jipya, na mimi nikawa naamka na furaha ya kijinga, nasubiri kulivunja. Sindano za kushonea. Chumvi. Viberiti. Mimi mwenyewe nilisema tuingize ng'ombe kwenye mashine, kwa sababu ng'ombe ni mali kila wakati, hana tarehe mgongoni. Mzee mmoja wa Bunda aliyekuwa anachagua maboya akanishangaa sana.

"Binti, wewe si mtu wa huku? Uingie Mugeta na ng'ombe wasiojulikana wametoka zizi gani? Hujamaliza kusalimia yowe limeshapigwa, vijana wako na mikuki. Watu walikuwaga wanajua kila ng'ombe kwa rangi yake na mama yake."

Kweli kabisa. Nikaona aibu. Basi nikasema nyavu! Nyavu za kisasa, nyepesi, mzigo mzima unabeba begani, wavuvi wa zamani watakupa chochote unachotaka. Fundi akatikisa kichwa.

"Watavua mpaka wamalize. Sisi tutazaliwa tukute maji matupu, wewe duka utafungua la nini? Yaani unajipigia debe mpaka enzi za mababu!"

Nilimrushia boya. Akalidaka, akaniambia palepale kwamba anataka kuja kwetu Butiama kujitambulisha. Mimi nikasema njoo, haraka hivyo hivyo, kama mtu anayejibu bei ya kamba.

Sasa hapo ndipo akili yake ikafanya kazi kupita kiasi. Siku moja nakula ugali wangu mchana, simu inaita, anapiga kelele kama amepata ajali.

"Nimepata! Senti za tundu!"

Zile senti za mkoloni, za shaba, zenye tundu katikati. Hoja yake ilikuwa safi, jamani, mpaka leo sijaona ya kuivunja. Pesa ya zamani hapa kwetu ni uchafu, huko ni pesa. Iko hapa imelala chini ya masanduku ya vikongwe, wengine wameifanya washa ya kukazia nati za baiskeli, wengine wamefungia funguo. Ikusanye kwa bei ya bure, ipeleke ilikotoka, hakuna atakayekuuliza swali hata moja. Nilipiga vigelegele peke yangu na tonge mkononi.

Mimi nilidhani ni maneno. Kumbe mwenzangu alianza kazi. Akaanzia Kibara, akaenda Kisorya pale watu wanaposubiri kivuko cha Ukerewe, anawafuata bibi za watu mmoja mmoja: "Shikamoo mama, huna senti ya tundu?" Ukimpa anakupa sukari. Anaziosha, anazitunga kwenye waya wa injini, na anatembea nazo kiunoni zinalia.

Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo la kuchekesha. Lakini sisi wa kanda ya ziwa tunajuana. Kijana ananunua injini mpya, mambo yake yananyooka, halafu anazunguka kwa vikongwe kukusanya vitu vya ajabu? Hakuna atakayesema anacheza. Watasema ana ndagu, ile dawa ya utajiri inayotaka ilipwe na mtu wa nyumbani kwako. Mtoto. Mara nyingi mke.

Na mke mtarajiwa ni nani? Mimi hapa, nimekaa juu ya nyavu zangu, nacheka.

Maneno yakapanda gari Kibara, yakashuka Bunda, yakafika Butiama kabla ya posa. Baba mdogo akanipigia.

"Huyo mtu wako anakusanya senti za tundu za nini?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema ni za kubeba kwenda zamani. Hebu na wewe jaribu kumweleza hivyo baba yako mdogo kwenye simu uone.

"Waje siku waliyosema," akaniambia. "Ila wasilete ng'ombe. Watatujibu kwanza. Wasipotujibu vizuri, basi, yameisha, na ukimfuata usirudi hapa."

Nililia siku hiyo, sisemi uongo. Ng'ombe walikuwa wameshanunuliwa mnadani na kufungwa kwa rafiki yake huko Mugeta, wanasubiri neno. Na neno lenyewe halikuwa hata la baba mdogo. Baba yangu alishafariki, kaburi lake liko nyuma ya nyumba, na mimi nimelelewa na bibi yangu mzaa baba. Pale nyumbani bibi akisema hapana, hakuna mwanaume anayesema ndiyo. Na mimi kuolewa huku bibi amenipa mgongo nisingeweza. Afadhali nizeeke juu ya nyavu.

Siku ikafika. Mshenga alikuwa mjomba wake, amevaa koti nene na jua lote lile, jasho linamtiririka kabla hajaulizwa kitu. Alishamwonya mpwa wake: wewe usifungue mdomo, nitasema mimi. Wakakaa sebuleni. Bibi kwenye kochi lake, fimbo magotini, kitambaa cha kanisani kichwani. Shangazi akatuombea, sala ndefu yenye mafumbo kuhusu shetani anayekuja kwa sura ya mgeni. Tukasema amina.

Baba mdogo hakuzunguka. "Tunasikia kijana anakusanya senti za tundu."

Mshenga akakohoa. "Ni maneno ya watu tu, mheshimiwa, unajua watu—"

"Ni kweli nakusanya," akasema fundi wangu.

Mungu wangu!

"Za nini?"

"Za matumizi."

"Ya wapi?"

"Zamani."

Shangazi akashika msalaba wake shingoni. Mshenga akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hukumu. Na mimi, nilipotakiwa kuwa mpole kuliko siku zote za maisha yangu, nikacheka. Kicheko kilinitoka puani, nikajiziba kwa kanga, mabega yanatingishika. Baba mdogo akasimama. Akatazama mlango, akafungua mdomo, na mimi nikajua anachotaka kusema, kicheko kikanikauka.

"Kaa chini wewe," bibi akamwambia. Kisha akamgeukia fundi. "Zamani ipi?"

"Ya kwako, bibi. Ulipokuwa msichana."

"Ukifika utanunua nini?"

Akanitazama, akamtazama bibi, na huyo mtu hana breki hata kidogo. "Ng'ombe. Nikuposee wewe."

Bibi akacheka, tena akacheka vibaya, anapiga fimbo sakafuni, meno yake machache yote nje. "Mume wangu huyu! Mla visamaki vya furu huyu, anioe mimi!" Bibi na mume wa mjukuu wanataniana, ndivyo ilivyo, lakini utani huo huja baada ya ndoa, na watu wote pale waliliona hilo. Nikaanza kupumua. Akamwambia aeleze yote tangu mwanzo, na jamaa akaeleza, simu isiyo na wakala, dhahabu na mkia wa sato, ng'ombe na yowe la Mugeta, mpaka baba mdogo naye akaanza kuchangia kwamba angebeba baiskeli. Shangazi akasema yeye sabuni. Wakabishana! Watu waliokuja kuvunja posa wanabishana kama sabuni ingelowa njiani.

Bibi peke yake hakutaja cha kubeba.

"Palikuwaga na kijana," akasema. Sote tukageuka. "Kabla ya babu yenu. Alikuwa ameshasema na baba yangu, na ng'ombe alikuwa nao. Ugonjwa ukaingia kwenye zizi lao, wakaisha wote. Alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama pale nje ya boma, hana hata ndama. Na kaka yangu alikuwa ana mchumba wake anasubiri. Ng'ombe za mahari yangu mimi ndizo za kumwolea yeye. Angesubiri mpaka lini? Akaja babu yenu na ng'ombe wake, nikapelekwa. Nililia njia nzima."

Sikuwahi kulisikia hilo. Nimelala kitanda kimoja na bibi utoto wangu wote, ananisimulia mpaka habari za kuku wake waliokufa, na hilo hakuwahi kulisema. Roho iliniuma, nikatamani kumshika mkono.

Lakini fundi ni fundi. Kwake yeye ukimwambia kitu kilikufa anatafuta sababu. Nilimwona uso unawaka, amesahau kama ana kesi.

"Bibi, basi sibebi senti. Nabeba dawa! Chanjo! Chupa chache tu kwenye mfuko wa shati. Nafika kabla ugonjwa haujaingia, namtafuta huyo kijana, nachanja zizi lake lote. Ng'ombe wanapona, anakuoa, hulii."

Alikuwa anamaanisha. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa, na mimi nilimpenda wakati ule kuliko siku ya boya. Shangazi akasema "Maskini," kwa sauti ndogo. Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Sote tulidhani hilo ndilo jibu, na sasa bibi atambariki.

Bibi akapiga fimbo chini.

"Usithubutu!"

Fundi akaruka kwenye kiti.

"Hao ng'ombe waache wafe," akasema. "Umenisikia? Waache wafe wote. Nikiolewa na yule, huyu hapa anayecheka puani atatoka wapi?" Akaninyooshea fimbo. Kisha akaigeuza taratibu akaonyesha dirisha la nyuma, upande wa kaburi la baba. "Na yule nitamzaa na nani? Nilikaa naye miaka michache tu, Mungu akamchukua. Hiyo michache unataka kuninyang'anya na chupa zako?"

Baba mdogo akatoka nje, alisema anaenda kuangalia gari, lakini gari lilikuwa limeegeshwa mbele na yeye alipitia mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, makamasi yote yako kwenye kanga.

Bibi akaingiza mkono kifuani, akatoa kamba yenye funguo za kabati lake. Pale kwenye kamba palikuwa na senti ya tundu, imesuguliwa mpaka maandishi yameisha. Niliiona kila siku ya utoto wangu wala sikuwahi kuifikiria. Akahangaika nayo mpaka ikatoka, akamwekea fundi kiganjani.

"Ongeza na hii. Ukifika huko kula, kunywa, tembea. Kwenye lile zizi usiguse kitu."

"Sigusi, bibi."

Akamgeukia mshenga, aliyekuwa bado anajifuta jasho. "Na nyie ng'ombe wenu mmewaweka Mugeta mpaka lini? Wanakula nini huko?"

Mshenga alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Shangazi akapiga kigelegele, na mimi nikamrukia bibi shingoni nusura nimwangushe na kochi lake. Katika makelele hayo fundi wangu alikuwa bado ameinama anaitazama ile senti, kuna kitu kinamsumbua.

"Bibi," akasema, "na nikimkuta yule msichana njiani, analia?"

Bibi akafikiri kidogo.

"Mpe hiyo senti akanunue sukari," akamwambia. "Atanyamaza tu. Mbona mimi nilinyamaza."